Nafasi Ngumu: Wanafunzi Waigizaji wa Afrika Mashariki Tangu Miaka ya 1950

Kati ya mwaka 1955 na 1958, mwanafunzi mmoja kutoka Limuru alitazama tamthilia nne za Shakespeare katika Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu: As You Like It, sehemu ya kwanza ya Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream. Mwanafunzi huyo alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, na miaka mingi baadaye aliyaeleza maonyesho hayo katika maandishi yake. Shuleni hapo Shakespeare alikuja kila mwaka, kama sikukuu. Waliopanda jukwaani hawakuwa waigizaji wa kulipwa. Walikuwa vijana wa sekondari waliokaa bweni moja, wakala chakula kimoja, na asubuhi iliyofuata wakarudi darasani kufanya hesabu.

Chukua nafasi ya Lear peke yake. Ni mfalme mzee aliyevuka miaka 80. Anawagawia binti zake ufalme, wawili kati yao wanamgeuka, anatangatanga usiku katika dhoruba hadi akili inamruka, na mwisho anaingia akiwa amembeba mikononi binti yake mpenzi, ameshakufa. Waigizaji wengi wa Ulaya husubiri mpaka mvi ziwaote ndipo waiguse nafasi hiyo. Huku Kikuyu ilimwangukia kijana ambaye pengine ndevu hazijamjaa kidevuni, naye aibebe kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Lakini yapo mambo ambayo kijana huyo hakuhitaji kufundishwa. Mzee anayegawa ardhi kwa watoto wake halikuwa jambo geni nchini mwao. Na mtu kulala bila paa lake mwenyewe lilikuwa jambo la jana na leo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tangu Oktoba 1952, na kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu zaidi ya milioni moja, ikawasukuma katika vijiji vya kulindwa na askari. Ngũgĩ mwenyewe aliporudi likizo baada ya muhula wake wa kwanza, Aprili 1955, hakuikuta nyumba aliyoiacha. Kijiji kizima kilikuwa kimebomolewa na watu wake wamehamishwa. Ndugu yake alikuwa msituni na wapiganaji wa Mau Mau. Kutoka katika maisha ya namna hiyo, vijana wa Alliance walirudi shuleni kukariri mistari ya mfalme aliyefukuzwa nje usiku wa mvua.

Historia ya uigizaji shuleni Afrika Mashariki kwa kawaida huelezwa kwa majina ya waandishi na ya walimu. Mzigo, hata hivyo, waliubeba wanafunzi. Ukiitazama historia hiyo kutoka upande wao, unaona ugumu wa nafasi ukihama kadiri miaka ilivyopita. Mwanzoni ulikaa kwenye ulimi. Ukashuka mwilini. Ukaingia kwenye historia ya nchi, na hatimaye ukatua kwenye ukweli wenyewe: ni nani anaruhusiwa kuusema, na mbele ya nani.

Ulimi ndio uliotangulia. Jumba la Taifa la Maonyesho lilifunguliwa Nairobi Novemba 1952, wiki chache tu baada ya hali ya hatari kutangazwa, na kwa miaka mingi lilitumikia zaidi ladha ya walowezi. Tamasha la drama la shule za Kenya lilipoanza mwaka 1959, lugha yake ilikuwa Kiingereza na shule za Wazungu ndizo zilizolitawala. Mwanafunzi Mwafrika aliyesimama hapo alipambana kwanza na matamshi, kisha ndipo apambane na mhusika. Ukitumia nusu ya mazoezi kuuweka ulimi mahali pake, inabaki nusu tu ya kutafuta huzuni ya mtu unayemwigiza.

Wanafunzi wenyewe ndio waliotafuta njia nyingine. Hapo hapo Alliance, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, vijana waliandika na kuigiza tamthilia za Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda, Lakini..., Kimani Nyoike akaandika Maisha ni Nini, B. M. Kurutu akaandika Atakiwa na Polisi, na Gerishon Ngugi akaandika Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi. Majina ya tamthilia hizo yanatosha kukuonyesha zilikosimama: mapenzi, polisi, uchawi, maisha. Aliyewatia moyo waandishi chipukizi wa wakati huo ni Graham Hyslop, Mwingereza aliyeshughulika na muziki na drama nchini Kenya, ambaye naye alichapisha tamthilia za Kiswahili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Wataalamu wa fasihi wameziona kazi hizi kuwa nyepesi, na kwa kipimo cha maandishi huenda wana haki. Kwa mwigizaji zilikuwa ukombozi. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi aliweza kugombana jukwaani kwa lugha anayoitumia kugombana uwanjani, akajua mahali pa kuvuta neno na mahali pa kulikata, na hadhira ikamcheka au kumhurumia papo hapo bila kusubiri tafsiri.

Hata hivyo njia haikunyooka mara moja. Novemba 1962, Uganda ikisherehekea uhuru wake, wanafunzi wa Makerere waliigiza The Black Hermit ya Ngũgĩ katika jumba la maonyesho la taifa mjini Kampala. Ilikuwa heshima kubwa kwa mwandishi aliyekuwa bado mwanafunzi. Lakini wakulima wa tamthilia ile walizungumza Kiingereza cha kishairi. Msichana wa chuo aliyeigiza mama wa kijijini alipaswa kumpa mama huyo ulimi ambao akina mama wa kijijini hawakuwa nao, na bado amfanye aaminike. Ngũgĩ alikuja kulikosoa jambo hilo waziwazi katika maandishi yake ya baadaye.

Upande wa Tanganyika, shule za kikoloni nazo zilikuwa na tamthilia zao za Kiingereza, na pembeni mwake vichekesho: maigizo mafupi ya kubuni papo hapo, mara nyingi yakimcheka mshamba aliyeingia mjini. Uhuru ulipokuja, meza iligeuzwa. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri ya Julius Caesar ya Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa nchi, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Sasa mwanafunzi aliyepewa Bruto angeweza kubishana na dhamiri yake kwa Kiswahili. Na kule kuchagua neno “mabepari”, mahali ambapo mwingine angeandika “mfanyabiashara”, kulimpa mwigizaji wa Shailoki na wenzake rangi ya siasa ya nchi yake, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha.

Wakati huo huo shule za msingi zilikuwa na chuo chao cha kwanza cha uigizaji, ngonjera. Mathias Mnyampala wa Dodoma ndiye aliyeieneza, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa ameshafariki mwaka 1969. Ngonjera ni shairi la majibizano: mmoja hajui, mwingine anajua, na mwisho asiyejua anakubali. Watoto walizighani mbele ya wazazi na viongozi wa chama, wamejipanga wima, mikono ikichora hewani. Mtoto aliyependwa zaidi na hadhira mara nyingi alikuwa yule mjinga, kwa sababu ndiye mwenye la kuigiza: anakaidi, anabeua, anasita, kisha anageuka. Mwerevu alibaki kuhubiri. Walimu wengi waligundua hapo kwamba nafasi ya mkosaji hupewa mwenye kipaji.

Kisha likaja suala la mwili. Shule nyingi za sekondari za eneo hili zimekuwa za wavulana watupu au wasichana watupu, na tamthilia zina watu wa jinsia zote. Basi wavulana wamecheza mama, bibi harusi na malkia, na wasichana wamecheza machifu, walevi na majenerali. As You Like It, mojawapo ya zile nne za Alliance, inalifanya jambo hili kuwa fumbo la ngazi tatu. Rosalind ni msichana anayejificha katika mavazi ya kiume, kisha akiwa katika mavazi hayo anajifanya msichana. Mvulana anayepewa nafasi hiyo anakuwa mvulana anayeigiza msichana anayeigiza mvulana anayeigiza msichana. Ndivyo ilivyokuwa London ya Shakespeare pia, ambako wanawake hawakuruhusiwa jukwaani na nafasi zao zilichezwa na vijana.

Yeyote aliyepita shule ya bweni anazijua dakika za kwanza za mvulana aliyefungwa kanga. Anaingia, na ukumbi mzima unapasuka kwa kicheko. Kazi yake ya kwanza ni kusimama. Akianza kusema katikati ya kicheko, maneno yanapotea. Akitabasamu, mhusika amekufa. Anasubiri, anashika ncha ya kanga kama alivyomwona mama yake akiishika anapopokea habari mbaya, na polepole vicheko vinazimika safu kwa safu hadi nyuma. Mwongozaji mzuri huyatenga mazoezi kwa ajili ya kimya hicho tu. Huwaita wenzake wa bweni waje wamcheke kwa makusudi, jioni baada ya jioni, hadi kicheko kisimtikise tena.

Kwa upande wa wasichana, kazi huanza na miguu. Msichana anayecheza chifu hujifunza kuketi kana kwamba kiti ni chake na ukumbi ni wake, jambo ambalo malezi yake yamemkataza tangu utotoni. Sauti hushushwa, lakini si kwa kukoroma kooni, maana koo litakauka kabla ya onyesho la pili. Huvutwa kutoka tumboni. Masharubu hupakwa kwa masizi au makaa. Tumbo la tajiri hutengenezwa kwa mto na shuka. Maleba haya ya bei rahisi humlazimu mwigizaji kufanya kazi zaidi, kwa kuwa hakuna atakayemwamini kwa ajili ya mto. Na akifaulu, jina la mhusika litamganda mpaka amalize shule.

Ugumu ulipohamia kwenye historia, nafasi moja ilisimama juu ya nyingine zote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha masomo ya sanaa za maonyesho mwaka 1967, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, akachapisha Kinjeketile. Mhusika wake mkuu ametokana na Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mtu aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi kabla ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na ambaye Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hussein alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa na hakukusudia kuinakili historia. Maelezo hayo yalimpa mwigizaji uhuru, na yalimwongezea kazi.

Ndani ya tamthilia moja mwanafunzi anakuwa watu wanne. Kwanza ni mtu aliyepagawa na mzimu, Hongo, anayevutwa majini na kutoka siku ya pili akiwa mkavu. Kisha ni kiongozi anayewaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa yakidharauliana. Baadaye anagundua kwamba katika hali ya kupagawa alitamka maneno yanayowaweka watu wake chini ya Seyyid Said wa Unguja, na shaka inamwingia: aliyesema kupitia kinywa chake ni nani, na alitaka nini? Mwisho ni mfungwa anayepigwa na kutakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa anajua wajukuu wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigana.

Ugumu haumo katika kupagawa, ingawa huko ndiko wanafunzi wengi hutupa nguvu zao zote. Kutetemeka na kupiga kelele kila mtu anaweza. Mtihani ni shaka. Inabidi mwigizaji asimame mbele ya umati unaomshangilia, aonyeshe kwamba yeye pekee haamini tena sawasawa, na umati usigundue huku hadhira ikigundua. Kwa mwanafunzi ambaye darasani amefundishwa kwamba shujaa hana shaka, hilo ni somo jipya la historia. Kinjeketile imesomwa shuleni Tanzania na Kenya kwa miongo mingi.

Kenya ilipata mtihani wake wa aina hiyo mwaka 1976. Ngũgĩ na Micere Githae Mugo waliandika The Trial of Dedan Kimathi, ikaonyeshwa Jumba la Taifa la Maonyesho mwezi Oktoba mwaka huo, na Kiswahili chake kikatoka kwa jina la Mzalendo Kimathi. Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa Februari 1957, wakati wanafunzi wa Alliance wakiwa na Shakespeare wao. Miaka 19 haikuwa mingi. Watu waliopigana msituni walikuwa hai, wengine wakikaa mwendo mfupi tu kutoka Nairobi. Mwigizaji kijana hakuweza kujificha nyuma ya ndevu za bandia mbele ya watu waliomjua mwenye ndevu zile.

Tamasha la shule nalo lilibadilika katika miaka hiyo, hasa baada ya Wasambo Were kuwa Mwafrika wa kwanza kusimamia drama katika Wizara ya Elimu. Mashindano yalishuka mikoani, Kiswahili kikapata nafasi, na shule za vijijini zikaanza kuleta hadithi zao. Leo wanafunzi wa Kenya huanzia ngazi za chini na kupanda hadi fainali za taifa mwezi Aprili, wakiwa na tamthilia, densi za kubuni, mashairi na simulizi. Darasani nako tamthilia za kutahiniwa zimewapa nafasi nzito. Katika Kigogo ya Pauline Kea, Majoka anaitawala Sagamoyo kwa mkono wa chuma na Tunu anamkabili. Wanafunzi hugombea nafasi ya Tunu, lakini Majoka ndiye anayemtaka mwigizaji aliyekomaa, kwa kuwa ni lazima awe na haiba ya kuwafanya watazamaji waelewe kwa nini watu wanamwogopa.

Hatua iliyokwenda mbali zaidi kwa wasichana ilitoka Dar es Salaam. Mwaka 1996, Amandina Lihamba na Penina Mlama wa Chuo Kikuu walianzisha Tuseme, mpango wa sanaa za maonyesho katika shule za sekondari. Humo hakuna tamthilia iliyoandikwa na mtu wa nje. Wasichana wanakaa, wanataja yanayowakwamisha katika masomo, wanayachambua, wanayatungia mchezo, kisha wanauonyesha mbele ya shule nzima na mjadala unafuata. Yaliyotajwa yalikuwa mimba, kazi za nyumbani zisizoisha, na usumbufu wa kingono, wakati mwingine kutoka kwa wanaume waliopewa dhamana ya kuwalea. Fikiria basi msichana anayepewa nafasi ya mwalimu mkosaji, anayevaa koti na kushika chaki, walimu wake wakiwa wameketi safu ya mbele. Hana mfalme wa Uingereza wa kujificha nyuma yake. Hana hata karne moja kati yake na tukio. Wanaharakati wa elimu waliupeleka mpango huo katika nchi nyingine za Afrika, na mnamo Novemba 2021 Tanzania yenyewe ilifungua milango ya shule kwa wasichana waliojifungua.

Nchini Kenya, suala la nani aruhusiwe kuusema ukweli jukwaani limefika mahakamani mara mbili, na mara zote mbili kwa jina la Shule ya Wasichana ya Butere. Mwaka 2013, Shackles of Doom, tamthilia ya Cleophas Malala kuhusu mgawanyo wa mali na kazi baina ya makabila, ilizuiwa kufika fainali za taifa hadi Mahakama Kuu ilipoamuru iruhusiwe. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Echoes of War, ya mwandishi huyo huyo, kuhusu vijana na utawala. Aprili mwaka huo Mahakama Kuu ya Kisii iliamuru ionyeshwe. Tarehe 10 Aprili, huko Nakuru, wasichana waliingia ukumbini wakakuta hakuna vipaza sauti wala hadhira, na mwelekezi wao amezuiliwa na polisi. Waliimba wimbo wa taifa, wakatoka. Nje, polisi walirusha vitoa machozi kuwatawanya waliokuja kutazama.

Mtu aliyewahi kukaa katika mazoezi ya shule anajua ni nini kilichopotea siku ile, mbali na siasa zote. Zilipotea jioni nyingi za kurudia onyesho moja, mistari iliyokaririwa bwenini taa zikiwa zimezimwa, na sauti zilizofunzwa kufika hadi kiti cha mwisho. Mwigizaji bila hadhira hana njia ya kujua kama amefika.

Kwa hiyo, msomaji, hiki ndicho kinachoombwa kwako. Muhula wa kwanza shule huanza mazoezi, na nyingi huonyesha kazi zao kwa wazazi na majirani kabla ya kwenda mashindanoni. Ukisikia shule ya karibu nawe ina onyesho, nenda mapema na uketi karibu na jukwaa. Mvulana wa kanga akiingia, mpe nafasi anyamazishe ukumbi. Msichana mwenye masharubu ya masizi akianza kusema, msikilize hadi mwisho.